Mdoe na Kisu Alichokinunua Mara Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Kisu!
— Kikate!
Hakikati!
— Basi kisimulie!

Hapo kale, watu walipokuwa wakibadilishana kitu kwa kitu gulioni, aliishi chini ya milima mtu mmoja akiitwa Mdoe. Mdoe hakuwa mjinga, msije mkamwonea. Alikuwa mtu wa kuelewa polepole tu. Ukimtania asubuhi, anacheka adhuhuri.

Mwaka ule njaa iliingia bila hodi. Mdoe na mkewe Mwantumu wakala akiba. Wakala viazi mwitu. Mwisho wakala mbegu. Mbegu, jamani! Sasa wingu limetanda, majirani wanapanda, na shamba la Mdoe limelimwa likalala wazi, punje ya kutia ndani hakuna.

Mwantumu akaipekua nyumba nzima. Akapata kitu kimoja: kisu cha kukunja cha marehemu babu.

Na kisu chenyewe sasa! Mpini wa pembe umepasuka, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ubapa umeliwa na jiwe la mlangoni mpaka umebaki mwembamba kama ukucha, maana babu alikinoa kila siku, na kila siku alikinoa vibaya. Ukikifungua, kinagoma. Ukitaka kikae wazi, kinajikunja na kukubana kidole.

"Baba, kipeleke gulioni," Mwantumu akasema. "Usirudi bila mbegu. Tusipopanda na mvua hii, mwaka huu hatuli."

"Nani atakitaka hiki, mke wangu?"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda ukakitembeze."

Mdoe akavaa kofia yake ya ukindu. Akavaa makubazi yake. Akachukua kikapu cha kutilia mbegu, huyoo, gulioni. Alikuwa hajawahi kuuza kitu tangu azaliwe.

Jambo moja alilijua, kama ninyi mlijuavyo: kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Ukimpa mtu kisu mkononi, hamtamaliza wiki bila kugombana. Kisu unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe.

Basi akakiweka chini mbele ya Bi Tabu. Bi Tabu alikuwa akiuza ng'onda, samaki wakavu, na ndiye aliyekuwa mkuu wa gulio. Akakiokota, akakata ng'onda. Kisu kikateleza. Akakata tena. Kikateleza. Mara ya tatu kikajikunja, kikambana kidole.

"Uwi! Mwanangu, hiki hakikati, kinauma!" Akakiweka chini. "Chukua kisu chako."

Mdoe akaenda kwa msusi wa mikeka, akakiweka chini. Msusi akakiokota, akakijaribu kwenye ukindu. Ukindu haukukatika, ulitafunika.

"Kaka, hata mbuzi wangu angefanya kazi safi kuliko hii." Akakiweka chini. "Chukua kisu chako."

Akabaki mtu mmoja, na ndiye peke yake aliyekuwa na mbegu. Jina lake Bwana Kibaba. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu: kibaba chake cha kupimia kilikuwa na kitako kinene, kikijaa ujue umepata nusu.

"Bwana, nakuuzia kisu. Nipe mbegu," Mdoe akasema, akakiweka chini.

Bwana Kibaba akakiokota. Hakukijaribu. Alikigeuza, akamtazama Mdoe usoni kwa muda, akatabasamu, akakiweka chini.

"Haya," akasema, "kisu hiki nakiuza. Unanipa nini?"

Mdoe akakuna kichwa. "Ngoja kwanza. Sijaelewa. Kisu si changu?"

"Wewe mgeni wa magulio, eh? Nani amekiweka chini sasa hivi?"

"Wewe."

"Basi! Ndiyo sheria ya hapa. Aliyekiinua kitu akakiweka chini, ndiye anayekiuza. Kikiwa kisu, kikiwa chungu, kikiwa jembe, chochote. Watu wote hawa wanaijua."

Watu wakatazamana. Kila mmoja akadhani mwenzake anaijua, akanyamaza asionekane mshamba.

Mdoe akaona kisu cha babu kinapotea machoni pake. Akavua kofia, akaitoa. Akakiokota kisu, akashusha pumzi. Sasa ni changu tena, akajiambia, sasa nakiuza. Akakiweka chini.

Bwana Kibaba akakiokota. Akakiweka chini. "Nakiuza. Unanipa nini?"

"Ngoja kwanza. Sijaelewa."

Akavua makubazi, akayatoa.

Unasemaje wewe hapo nyuma? Kwamba angekiinua na yeye bila kulipa, akakiweka chini, basi? Wewe umeelewa mapema. Mdoe bado.

Mara ya tatu akakiweka chini. Mara ya tatu Bwana Kibaba akakiokota, akakiweka. "Unanipa nini?" Mdoe akatoa kikapu.

Sasa muone mtu wetu. Kichwa wazi, miguu mitupu, kikapu hana, na kisu butu mkononi. Ngurumo ikapiga kule milimani. Akilini akamwona Mwantumu amesimama shambani na jembe, anangoja. Machozi yakamlenga. Hakuwa na hasira bado. Kwanza alitaka kuelewa.

"Ngoja, Bwana Kibaba. Nijaribu mwenyewe, labda itaniingia."

Akakitia kisu mfukoni. Akaliendea gunia la mbegu la Bwana Kibaba, akalikumbatia, akaliinua, akaliweka chini.

"Hili nani ameliweka chini?"

Bwana Kibaba akakodoa macho.

Akainua gunia la pili, akaliweka chini. "Na hili?"

Bwana Kibaba akasogea hatua moja.

Akainua la tatu, akaliweka chini. Akajifuta jasho, akauliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza mtu asiyejua: "Nayauza. Unanipa nini?"

"Wee! Hayo magunia ni yangu!"

"Ndivyo nilivyosema na mimi juu ya kisu," Mdoe akasema. "Sasa sielewi tena."

Gulio likalipuka kwa kicheko. Bi Tabu akaja, mikono inanuka ng'onda, akasimama katikati.

"Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Kibaba, sema mbele ya watu. Hiyo sheria ipo, au haipo?"

Bwana Kibaba akatazama magunia. Akatazama kofia. Akisema ipo, magunia yamekwenda. Akisema haipo, yeye ni mwongo.

"Haipo," akasema.

"Basi rudisha kofia. Rudisha makubazi. Rudisha kikapu. Na kwa kuwa umelidanganya gulio langu mara tatu, kikapu kijaze mbegu. Tena usikijaze kwa kibaba chako. Lete changu!"

Vigelegele! Kikapu kikajaa mpaka pomoni.

Lakini Mdoe alikuwa mtu wa haki. Akakitoa kisu, akakiweka chini mbele ya Bwana Kibaba. "Chukua basi, bwana. Mbegu nimepata, na mimi nilikuja kuuza."

Bwana Kibaba akaruka nyuma. "Mimi? Siokoti kitu mimi!" Mdoe akamtazama msusi, msusi akatazama mikeka yake. Hakuna aliyethubutu. Mdoe akakirudisha mfukoni, akaenda zake mbiombio.

Mwantumu akampokea mpakani mwa shamba.

"Kisu umekiuza?"

"Nimekiuza."

"Kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Kakinunua nani?"

"Mimi. Mara tatu."

"Kwa nini?"

"Kwa kofia, kwa makubazi, na kwa kikapu."

Mwantumu akamtazama kichwani: kofia. Akamtazama miguuni: makubazi. Akamtazama mkononi: kikapu, kimejaa mbegu. Akaweka jembe chini, akashika kiuno.

"Ngoja kwanza, baba. Sijaelewa."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Mdoe puani.

"Hata mimi," akasema. "Tupande."

Hadithi naikunja hapa. Kama imekubana kidole, pole. Kama ni butu kwako, kainoe nyumbani, na ukiinoa, usiinoe kama yule babu.

— Imekunjwa!