Mkono Mmoja wa Nakiete

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Bibi Namkunda, alasiri ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1971, akipukuchua mahindi barazani kwake. Tuliomsikiliza tulikuwa sita. Aliianza hivi:

Hapo zamani za ukame, huku juu milimani Upare, palikuwa na mwanamke jina lake Nakiete, ambaye hakuweza kutulia. Aliketi, akainuka. Alifagia ua uliofagiliwa, akaosha sufuria zilizooshwa. Kanisani, wenzake wakifumba macho, yeye alitazama mlango.

Kilichomsumbua alikijua mwenyewe. Maji ya mashamba yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila nyumba kwa zamu yake. Alfajiri moja, mahindi yake yakinyauka, Nakiete aliizibua ndiva siku isiyo yake. Maji yakaisha, na mashamba ya wenye zamu yakakauka. Wazee wakamlaumu mlinzi wa ndiva, Mzee Kirumbi. Wakasema mbele ya watu wote kwamba ni mvivu, alilala, na wakampokonya kazi aliyoirithi kwa baba yake. Nakiete alikuwepo. Akanyamaza.

Alinyamaza miaka mitatu. Aliomba, lakini aliomba kama mtu anayebisha hodi huku akitumaini wenyewe hawapo.

Wa kwanza kumjia alikuwa Mwinjilisti Elinaza. Kila Jumatano alikuja, akasoma zaburi, akanywa chai, akasema, "Mama, Mungu hayuko kanisani tu. Yumo humu jikoni, ameketi."

"Basi ana subira, Mwinjilisti," Nakiete alijibu, "maana mimi siwezi." Akainuka kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Neno lilikuwa lilelile, Jumatano baada ya Jumatano, na jibu lilelile.

Wa pili alikuwa Nambua, wifi yake. Huyu hakusoma wala hakuhubiri. Alikuja na ungo wa maharage, akaketi, akachambua. Nakiete akiinuka, yeye alibaki. Nakiete akirudi, alimkuta. Siku moja Nakiete akafoka.

"Wifi, huna kwako?"

"Ninako."

"Basi unangoja nini hapa?"

"Nangoja uketi."

Nakiete akaketi. Yakamtoka yote: alfajiri ile, ndiva, aibu ya Mzee Kirumbi. Nambua akauweka ungo chini. "Chukua kanga yako," akasema. "Twende kwa Mzee."

Wa tatu alikuwa Mzee Kirumbi mwenyewe. Nakiete alipiga magoti mlangoni kwake.

"Shikamoo, baba. Ni mimi niliyeizibua ndiva."

"Marahaba. Najua. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona, na mtoto mgongoni analia. Nikamwuliza Mungu niseme au ninyamaze, nikanyamaza. Msamaha wako uko hapa tangu mwaka ule, binti yangu. Umechelewa tu kuja kuuchukua."

Nakiete akatoka nje. Mfereji ulipita kando ya nyumba ile, na kwa miaka mitatu sauti ya maji ilikuwa ikimshtaki popote alipoisikia. Siku hiyo yalikuwa maji tu. Akaketi juu ya jiwe, hakuinuka. Akajua kwamba Mungu yupo pale, na kwamba hata alfajiri ile ndivani alikuwepo, wala hakuondoka.

Kesho yake aliungama mbele ya wazee. Wakamtoza mbuzi, wakamwomba Mzee Kirumbi radhi, faragha.

Sasa, usharika ule ulikuwa na desturi yake. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, mwenye shukrani huingia kanisani na kikapu mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemshika mtu ambaye Mungu alimtuma kwake. Mtu mmoja, si zaidi. Anayeingia mkono mtupu, husemwa kwamba anadai Mungu hakumtumia mtu. Nakiete alipofika mlangoni na kikapu chake cha magimbi, aliwakuta wote watatu.

"Neno lilitangulia," alisema Mwinjilisti. "Niko hapa miaka minne, na wakubwa wangu wanauliza matunda yako wapi. Tunda langu ni huyu."

"Tunda lako ulilinywea chai, ukaenda zako," alisema Nambua. "Mimi nilikaa. Na tangu nizaliwe sijashikwa mkono na mtu yeyote katika kanisa hili."

"Ulikaa, ndiyo, ukimngojea Mungu niliyemtaja mimi!"

"Mliongea, mlikaa," alisema Mzee Kirumbi. "Nani kati yenu alipoteza kitu? Waliniita mvivu hadharani, wakanisafisha chumbani. Nataka nipite katikati ya watu wale wale."

Nambua akamgeukia. "Mzee, neno lako moja lingempa usingizi miaka mitatu. Ulimwona anaungua, ukafunga mdomo."

"Na yeye je, hakuufunga wake?"

Mzee wa kanisa akatoa kichwa mlangoni. "Kengele ya pili hiyo! Mama, chagua, au ingia peke yako. Amani ni ya Mungu, si ya hawa."

Nakiete akatazama mikono mitatu iliyomnyooshewa. Akahisi miguu yake inaanza tena, ile ya kuinuka na kuketi. Kengele ya tatu ikalia. Akakihamishia kikapu kushoto, akaunyoosha mkono wa kulia.

Hapo Bibi Namkunda alirudia mahindi yake. Siku ile ya Mavuno alikaa benchi la mbele, na aliona kikapu kikiingia. Hakusema kiliingia na nani, mpaka tulipomzika mwaka 1983. Mwinjilisti Elinaza alifia Same. Mzee Kirumbi amelala kaburini, upande wa juu wa ndiva. Nambua alifuata mwaka 1996. Aliye hai ni Nakiete peke yake, ana miaka tisini na mmoja, na anaketi kutwa nzima bila kuinuka. Ukimwuliza, huutazama mkono wake wa kulia, kisha hukuuliza wewe: ungekuwa na huu mmoja tu, ungemshika nani?