Fungu Lililokataa Maji

Paukwa! Itikeni vizuri, msiitike kama mnaonewa. Pakawa! Haya. Hapo kale, kale ambayo hata sisi wazee tuliikuta imeshazeeka, kisiwa kile mnachokiona kinafuka moshi hakikuwapo. Msicheke. Hakikuwapo! Palikuwa na maji, na katikati ya maji palikuwa na fungu la mchanga. Maji yakipwa, fungu linaonekana. Maji yakijaa, fungu linafunikwa. Basi.

Katika kijiji cha Shungi alikaa mwanamke akiitwa Mize. Alikuwa akimwoza binti yake, na enzi hizo mama wa bibi harusi ndiye aliyesuka kamba za kitanda cha mwanawe, kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo Mize alikuwa amefukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, yaoze, apate nyuzi. Siku ya kuyafukua akachimba, tope likamchoma vidole. Akachimba, moshi ukamfuka usoni. Akavuta kumbi la kwanza: mkaa. Akavuta la pili: mkaa. Yote, wajukuu zangu, mkaa mtupu!

"Moto!" akapiga ukelele. "Moto chini ya maji! Jamani, naona nini mimi leo?"

Alishtuka, akalitupa kumbi mbali. Na katika kushtuka kule akamkumbuka Zawena, dada wa mumewe, aliyekuwa amenuna kwa kuwa hakushirikishwa kwenye posa. Akashika njia hadi kwa jumbe, mkubwa wa kijiji.

"Zawena kanichomea makumbi yangu!"

"Chini ya maji?" jumbe akauliza.

"Chini ya maji! Sasa huyo si mchawi?"

Mnaiona akili hiyo? Swali zuri jumbe alikwisha kuliuliza, kisha akaliacha lipite kama nzi.

Zawena alipoitwa hakuamini masikio yake. "Mimi, wifi? Mimi niliyempokea mtoto huyo siku uliyomzaa?"

Jumbe akaamua Zawena akaapie funguni. Sheria yao ilikuwa hivi: mshtakiwa husimama juu ya fungu maji yakiwa yamekupwa, akaapa, akangoja. Maji yakijaa yakamlowesha miguu, huyo ni safi, na arudi kwake. Akiondoka kabla hayajamgusa, huyo ni mchawi, na afukuzwe, asiwaone tena wanawe.

Zawena akaenda peke yake, kijiji kizima kikimtazama kutoka ufukweni. Akapaza sauti: "Ee bahari! Kama ni mimi, nimeze. Kama si mimi, mseme aliyechoma!"

Na bahari ikasema.

Ikasema GUUU! Ardhi ikatikisika, watu wazima wakaanguka kifudifudi. Maji yakachemka, nawaambieni, yakachemka kama chungu kilichosahauliwa mekoni! Samaki wakaelea matumbo juu, wameiva. Harufu ya yai viza ikatanda. Na fungu likainuka. Maji yakijaa, fungu likipanda. Maji yakijaa, fungu likipanda. Zawena kasimama juu yake, miguu mikavu.

"Rudi, Zawena! Utakufa!" watu wakapiga kelele.

"Maji hayajanifika!"

Hapo ndipo Mize alipoelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko tope lile la moto. Moto ulikuwa wa ardhi, haukuwa wa mtu. Maji yasingemfika Zawena kamwe, na Zawena asingeshuka kamwe. Aliyemfungia kule juu ni yeye Mize, kwa ulimi wake.

Akajitosa. Jumbe akamshika mkono, Mize akauchomoa. Maji yalikuwa moto kama ya kumkanda mzazi, kisha yakazidi, ngozi ya miguu ikaanza kumtoka. Mawe mekundu yakaanguka huku na huku, chwaa! chwaa! Akaparamia mchanga uliokuwa ukitetemeka, akafika.

"Shuka, wifi yangu."

"Sishuki. Nina watoto mimi. Siwaachii jina la uchawi."

Mize hakubishana. Akateremka ukingoni, akachovya nguo yake ya kaniki, akarudi nayo ikitoa mvuke. Akapiga magoti, akaikamua juu ya miguu ya Zawena mbele ya kijiji kizima.

"Yamemfika!" akawapigia kelele walioko ufukweni. "Mmeona? Maji yamemfika! Mwongo ni mimi!"

Hapo Zawena akashuka, wakakimbia wameshikana mikono. Walikuwa wameukanyaga ufukwe tu, fungu likapasuka nyuma yao, moto ukaruka mbinguni, na pale aliposimama Zawena pakaota mlima. Watu hata kulia walisahau.

Mlima ulipopoa ndio ukawa kisiwa kile. Jumbe hakumwapisha mtu tena, na msidhani ni kwa huruma: pa kuapia palikuwa hapapo. Zawena naye alikaa muda mrefu bila kumsemesha wifi yake, na ilikuwa haki yake.

Basi, wajukuu zangu, mkipatwa na la kushtusha, ulizeni kwanza ni nini, kabla hamjauliza ni nani. Kisa nimekitua. Kikiwafaa kichukueni, kisipowafaa kiacheni hapa hapa, nitakikalia mimi.