Jiwe Lililomsifu Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiwe.

Likakaaje?

Likakaa likikaliwa, lisiseme neno. Nanyi kaeni hivyo hivyo, nisije nikakatizwa.

Hapo kale, mwaka wa kiangazi kikali, maji yalibaki mahali pamoja tu: kidimbwi chini ya mwamba mpana, bapa, uliochomoza kama baraza. Juu ya baraza hilo alilala Bwana Kifaru, na kila aliyetaka kunywa alipanda kwanza kumpelekea mzigo wa majani mabichi.

Majani mabichi kiangazini! Tembo aliyapata kwa kung'oa miti. Bibi Pimbi, kijitu kisichofika hata gotini mwa Kifaru, angeyapata wapi? Naye alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka, na yule mdogo amechoka hata kulia.

Akapanda na jani moja.

"Bwana Kifaru, nihurumie. Wanangu wanakufa kwa kiu."

Kifaru akalitia kinywani. "Hilo limenasa kwenye jino. Leta mzigo."

Shashi, yule ndege anayemchokoa Kifaru kupe mgongoni, akadakia: "Leta mzigo! Mzee amesema!"

Bibi Pimbi akageuka aende zake, roho inamuuma. Lakini pimbi wana desturi yao. Kabla ya kujinyoosha mwambani kuota jua, hulaza sikio juu ya jiwe. Likinyamaza, wanalala. Likisema, wanahama. Basi kwa mazoea tu, akalaza sikio.

Ti!

Akatazama. Ufa, mwembamba kama unywele. Kifaru hakuuona, macho ya kifaru mnayajua, hata kichuguu hukiamkia. Ila masikio anayo.

"Nani huyo?"

Bibi Pimbi akautazama tena ule ufa. Alijua mambo ya mawe. Ufa mmoja kama ule si kitu. Lakini huzaliwa mmoja hapa, mmoja pale, kimya kimya, na kila mzigo ukiongezeka, nyufa hurefuka, zikawa zinatafutana. Zikishakutana, hakuna mwamba tena. Alitaka kumwonya, kweli alitaka. Kisha akamkumbuka mwanawe mdogo.

"Ni jiwe, Bwana. Linakusifu."

"Linanisifu?"

"Jiwe husema likimbeba mkubwa. Mimi nikikaa, halisemi kitu. Sikia." Akakaa. Kimya. "Sasa wewe."

Kifaru akajitikisa. Ti!

"Mbona limenisifu kidogo hivyo?"

"Ongeza uzito, Bwana, litaongeza sifa."

Akaongeza. Akala mzigo wa nyati, akala mzigo wa pundamilia, tumbo likajaa ndi! Jiwe likafanya ti, ti! Akaamuru yapandishwe magogo, ajengewe kiti. Jiwe likafanya ti-ti, ti-ti!

Shashi aliziona nyufa, maana macho anayo, na alisimama juu yazo. Akaagiza tope. Akakandika hapa, akakandika pale, akasugua mpaka pakang'aa. "Mwamba mpya!" akatangaza. Na chini ya tope, nyufa zikaendelea kutafutana kwa raha zao.

Bibi Pimbi akawaondoa wanawe kivulini mwa mwamba. Kisha akaita kutoka ng'ambo ya kidimbwi:

"Bwana! Sasa linataka kukusifu kwa jina lako zima. Ruka kidogo tu."

Kifaru akaruka.

Ti! Ti-ti! Titititi... kra! kra! GUDUMMM!

Nusu nzima ya mwamba ikaporomokea kwenye tope la ukingoni mwa kidimbwi, Kifaru ndani yake hadi shingoni. Shashi, mwenye mabawa, alikuwa mtini zamani, akisema kwamba yeye alimjua Kifaru kwa mbali tu.

"Lakini lilikuwa linanisifu!" Kifaru akalia.

Watoto wa Bibi Pimbi wakanywa, gu, gu, gu. Yule mdogo akanywa mpaka akapata nguvu ya kulia, na mama yake akafurahi mno kumsikia analia.

Wanyama wakaketi kikao. Shashi akasimama kueleza: "Mwamba umevunjika ghafla, bila dalili. Kosa ni la Kifaru, hakuwa mzito wa kutosha kuutuliza." Wakapiga makofi. Wakamchagua Tembo, wakampandisha kwenye kipande kilichobaki, na Shashi akahamia mgongo mpya.

Tembo akakohoa. "Anayetaka maji, alete kwanza majani mabichi."

Bibi Pimbi akainama, akalaza sikio.

Ti!

"Nani huyo?" Tembo akauliza.

Bibi Pimbi akawaashiria wanawe watoke kivulini.

"Hongera, Bwana," akasema. "Wewe limekusifu mapema."

Funzo, watoto wazuri: waheshimuni wakubwa, yaaminini mawe yakiwasifu, na tope liwe karibu siku zote. Wala msimwige Bibi Pimbi, mchochezi yule ambaye wanawe wameshiba maji.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Polepole, isije ikafanya ti.