Siku Bi Mkasi Alipokalia Kizingiti

Mgonjwa kwao ni alipolala. Mmeisikia methali hiyo kwa jirani leo mkacheka, mkadhani ni maneno tu ya kumtuliza mama wa mtoto mgonjwa. Sasa mnataka kujua ilikotoka. Mmeuliza penyewe, kwani mgonjwa wa kwanza kusemewa hivyo nilikuwa mimi, bibi yenu Riziki, na bila ya aliyeisema msingekuwa na mtu wa kumsumbua kwa maswali.

Methali hii ilianza hivi. Baba yangu Faki na mama yangu Mize waliachana nikiwa mdogo, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Wakanigombea mpaka wakafikishana kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Sheha akaamua nikae juma moja kwa mama Mtondooni na juma moja kwa baba Kilimani, na kila Ijumaa baada ya sala mwenye zamu anifuate. Wakaapa mbele ya watu. Na wazazi wangu, Mungu awarehemu, walikuwa watu wa ahadi. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Masika moja nilishikwa na homa nikiwa kwa mama. Akanipeleka kwa daktari, nikapewa dawa. Ijumaa ikafika homa haijatoka, na baba huyo mlangoni. Mama aliona kabisa kwamba sifai kutolewa nje, lakini alihofia kuambiwa anamficha mtoto, basi akanivalisha akanitoa. Baba naye aliona kwamba ninawaka moto, lakini akiniacha wangesema amemkimbia mgonjwa, basi akanibeba. Dawa ikabaki kwa mama. Baba hakuiulizia, maana kuuliza kungekuwa kujishusha. Akaenda kwa daktari wake, nikaanza dawa nyingine. Juma lililofuata mama akanifuata, tukarudi kwake kwenye mvua, nikaanzishwa tena ile ya kwanza. Zamu iliheshimiwa kuliko homa. Walinipenda wote wawili, wala sina shaka na hilo, lakini kati ya mapenzi hayo nilibaki ngozi na mifupa.

Zamu ya baba ikapita tena. Ijumaa mama alipofika Kilimani, nilikuwa siwezi hata kumeza mate. Akamkuta Bi Mkasi, mama yake baba, amekalia kizingiti cha mlango. Kwetu sisi mtu mzima hakai kizingitini, ni mwiko, kwa hiyo mama akajua lipo jambo. Akamwamkia kwa heshima, kisha akasema amekuja kumchukua mwanawe.

"Hatoki," Bi Mkasi akamjibu.

Mama akapaza sauti. "Mama, leo ni siku yangu. Mnaninyang'anya mwanangu?"

"Siku ni yako, na mtoto ni wako. Ninachokukataza ni njia. Njia hiyo itamuua."

"Basi nifanye nini?"

"Ingia, umuuguze."

Mama hakusogea. Mke aliyeachwa akalale nyumbani kwa mtalaka wake, watu watasema nini? Bi Mkasi alikwisha kulipima hilo. Akamwita baba, akamwamuru achukue mkeka wake akalale kwa kaka yake, na asikanyage ndani isipokuwa yeye Bi Mkasi yupo.

"Mama, kwani nyumba hii si yangu?" baba akalalamika.

"Ni yako mtoto akiwa mzima. Leo ni ya mgonjwa. Mgonjwa kwao ni alipolala, na anayempenda amfuate hapo."

Baba akakunja mkeka. Mama akaingia.

Tangu talaka walikuwa hawajasemezana. Jioni ile baba alisimama dirishani akauliza nilikuwa nikipewa dawa gani kule Mtondooni. Mama akamwambia, naye akauliza ya Kilimani. Ndipo walipotambua kwamba nilikuwa naanza tu, sijamaliza hata dawa moja. Mama akalia, na baba akageuza uso. Kesho yake daktari mmoja akaletwa kitandani, ikashikwa dawa moja. Baba alileta maziwa, mama akapika uji, na Bi Mkasi akakaa katikati yao, mkali kama pilipili, mpaka siku nilipoomba kichwa cha samaki akapiga kigelegele.

Hawakurudiana, msinitazame hivyo. Walikwenda kwa sheha pamoja wakaomba ahadi irekebishwe: zamu iwe ya mtoto mzima, na akiugua asihamishwe, ahame mzazi. Watu wakalichukua neno la Bi Mkasi, likasambaa hadi likawafikia nyinyi.

Wako wanaoniuliza kama niliumia kulelewa nyumba mbili. Mimi ninachokumbuka ni asubuhi moja nilipofumbua macho, nikamwona mama kando yangu na baba dirishani, wote wawili wakinitazama mimi, hakuna anayemkasirikia mwenzake. Hadi leo namshukuru Mungu kwa asubuhi ile. Mgonjwa kwao ni alipolala, wajukuu zangu, na siku ile mimi nilikuwa kwetu.