Mti Mmoja wa Wakubwa Watatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao wenye lami na mabati, kulikuwa na joto kama hili la leo. Sogeeni, watoto wangu, lakini msinibane. Na mimi nimechoka.

Mji ule haukuwa na kivuli. Kila masika wakubwa walifanya Siku ya Kupanda Miti. Ngoma ndi! ndi! ndi! Meya Tembo anapanda mche, Nyati anapanda, Kiboko anapanda, kila mmoja na kibao cha jina lake. Picha, makofi, soda, hao wamekwenda zao! Kesho yake hakuna anayeleta hata kopo la maji. Masika yakirudi, wanang'oa kijiti kikavu na kupanda mche mwingine kwenye shimo lile lile. Nyati alikuwa anapanda mche pamoja na mfuko wake wa plastiki! Zamani ningecheka.

Sasa, Kindi alikuwa na watoto mapacha, wakiishi juu ya bati la duka. Mchana bati linachemka, watoto wanatweta. Yule mdogo alikuwa ameacha hata kunyonya mchana.

"Mama, moto!"

"Najua, mwanangu. Vumilia."

Mara ngapi Kindi alikwenda ofisini kuomba miche imwagiliwe! Akaambiwa njoo kesho. Akaenda kesho, akaambiwa njoo kesho.

Mwaka ule miche miwili ikakauka, ukabaki mlonge mmoja. Wa nani? Haikujulikana, maana vibao vyote mama ntilie Kanga alishavichochea jikoni akachoma maandazi. Kindi akajaribu kuubebea maji mwenyewe. Kopo likifika, nusu limemwagika. Akaketi pale barabarani, akalia. Alipomaliza kulia, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama ni malalamiko, njoo kesho."

"Ni pongezi! Miche ya wenzako imekauka. Wako tu umeshika."

"Wangu? Ala!" Masikio ya Tembo yakapepea, pwa! pwa!

"Wako, ila una kiu. Uwe unaumwagilia alfajiri, kimya kimya, wenzako wasione aibu."

Kindi akatoka hapo, mbio kwa Nyati. "Shikamoo, mzee. Mti wako tu umeshika! Uletee samadi adhuhuri, wenzako wakiwa wamelala." Kisha kwa Kiboko. "Mti wako tu, mzee! Ila mbuzi wanaumezea mate. Uulinde jioni."

Basi ikawa hivyo. Alfajiri Tembo, chwaaa! Adhuhuri Nyati na samadi, puu! Jioni Kiboko, "Tokeni hapa!" na mbuzi wanatimka. Kila mmoja akiona udongo umelowa au umerutubishwa, anajisifu kwamba ana mkono mzuri. Mlonge ukapanda, ukapanda, ukampita Tembo. Kindi akahamishia watoto juu yake.

Masika yakafika. Ngoma ndi! ndi! Tembo akasimama mbele ya watu.

"Wananchi! Tazameni mti wangu!"

"Wako?" Nyati akakoroma. "Huu wangu!"

"Mna wazimu ninyi?" akasema Kiboko. "Mimi ndiye ninayeulinda kila jioni! Kindi aliniambia..."

"Kindi?"

"Kindi!"

Wote watatu wakatazama juu. Tembo akauzungushia mkonga mti. "Kumbe tumechezewa! Basi tukikosa, tukose wote!" Akavuta. Kra! Watoto wa Kindi wakapiga yowe.

Kindi hakukimbia. Alishuka polepole mpaka usawa wa jicho la Tembo.

"Vuta, Mheshimiwa. Nimewadanganya, kweli. Nilipokuja na ukweli, mliniambia njoo kesho. Nimechoka. Wanangu wako hapo juu, na sina mahali pengine pa kuwapeleka. Lakini wewe umeamka alfajiri zote hizi kwa ajili ya mti huu. Ukiung'oa, utaanza tena na kijiti?"

Tembo akafikiri kuanza tena. Mgongo ukamuuma kwa kufikiri tu. Na jua lilivyokuwa kali siku ile! Akaulegeza mkonga, akakanyaga udongo kwenye shina, kwa upole, mpaka ukashika. Kisha akaingiza kichwa chini ya matawi. Nyati naye akaingiza chake, na Kiboko chake. Kivuli cha mlonge ni chembamba, kilitosha vichwa vitatu tu. Makalio yote yakabaki juani.

"Kesho maji ya nani?" akauliza Nyati.

"Yangu," akasema Tembo, na kushusha pumzi. "Alfajiri."

Juu, Kindi alikuwa amesharudi kwa wanawe, na yule mdogo alikuwa ameanza kunyonya, mchana ule ule.

Funzo lake, watoto wangu: kupanda mti hata mwenye kutaka picha anaweza, lakini unaishi kwa yule anayerudi kesho yake na maji.