Mtani Aliyeshindwa Kumwigiza Mwalimu

Hii usiisome mbiombio. Mimi nililetewa asubuhi na mtu ninayemheshimu, nikaisoma mpaka chai ikapoa. Nimeiandika upya kwa maneno yangu kwa sababu aliyeniletea aliandika kwa herufi kubwa tupu, macho yakaniuma. Ukimaliza, mpelekee mmoja unayempenda. Usiwapelekee wote, watu wamechoka na simu kulialia.

Palikuwa na mwalimu wa falsafa, jina lake Pazi, Mzaramo wa Pwani. Alifundisha chuoni mjini, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa na kipindi redioni. Watu wengi wakisikia neno falsafa huona usingizi, hudhani ni maneno ya wazee wenye ndevu waliokufa zamani huko mbali. Pazi alikuwa anaieleza hata muuza mkaa akaielewa. Hapo tumpe haki yake.

"Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana," ndivyo alivyokuwa anafungua. "Leo uko kwenye foleni ya maji. Mtu kaja, kaingiza ndoo yake mbele ya wenzake. Wewe ukasema, hapana, hii si haki. Basi umeshaanza falsafa, wala hukuhitaji cheti. Yeye akakujibu, nina mgonjwa nyumbani. Sasa kakutia kwenye swali gumu zaidi. Falsafa ni hiyo tu: kusimama kidogo katikati ya jambo unalolifanya kila siku, ukajiuliza kwa nini nalifanya, nimejuaje kama ni sawa, na nani anaumia. Je, wewe unaonaje?"

Basi watu wakawa wanapiga simu mpaka laini zinajaa. Wake na waume waliogombana walimtaka awaamue. Harusini alikaa kiti cha mbele. Alijulikana kwa jambo moja hasa: hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja.

Mama yake, Bi Siwema, alikaa kijijini, si mbali sana. Ukitoka mjini asubuhi unafika kabla ya adhuhuri. Alikaa na binti yake Mwavita, mdogo wake Pazi, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani. Miguu ya mama ilipoanza kukataa kazi, Mwavita ndiye aliyemnyanyua, akamwogesha, akamtoa barazani kupata upepo. Pazi alikuwa na kazi nyingi. Ukoo mzima ulijua Pazi ana kazi nyingi, kwa maana kila akitafutwa ndilo jibu lililokuja.

Bi Siwema akafariki. Pazi akafika mazikoni amevaa kanzu nyeupe, akapeana mikono na kila mtu, akasifiwa kwa kujikaza.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa uani kwa kikao. Jambo lilikuwa moja tu: nyumba. Ikiuzwa, Mwavita hana pa kwenda. Kila aliyekaa kwenye mkeka ule alilijua hilo, na ndiyo maana kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze.

Akaanza Pazi. Alisimama kabisa, kama yuko darasani.

"Ndugu zangu, tusiongee kwa hasira wala kwa huruma. Tuongee kwa akili. Kila kitu kina lengo lake. Kikombe ni cha kunywea. Kikitoboka, si kikombe tena. Nyumba hii marehemu baba alimwachia mama ili apate pa kutunziwa. Leo mama hayupo. Lengo limekwisha. Kwa hiyo iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake, maisha yaendelee."

Wazee wakatazamana. Kuna kitu kiliwakereketa, lakini hawakujua wakishike wapi. Maneno yalikuwa yamenyooka.

"Kaka," Mwavita akasema taratibu, "na mimi?"

"Wewe ni mtu, Mwavita. Hapa tunazungumzia nyumba."

Nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza. Mtu anaweza kusema neno kama hilo mbele za watu na asisikie kitu.

Mjomba wao, Mzee Mwinshehe, aliyekuwa anaongoza kikao, akajikuna shingo. "Haya. Mwalimu kasema. Nani wa kumpinga?"

Hakujitokeza mtu. Mzee alikuwa anataka kufunga kikao kwa dua, mara akaingia mtani.

Kwa asiyejua, nieleze. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana. Akija msibani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akamtania aliyekufa na akawatania waliobaki, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Mtani wa familia ile alikuwa Bi Kabula, Mnyamwezi, jirani wa ukuta kwa ukuta.

Bi Kabula alikuwa amevaa kanga ya Bi Siwema, kaifunga chini ya kwapa vilevile alivyokuwa akiifunga mwenyewe, na mkononi ana mkongojo wake.

"Bi Kabula," Pazi akasema, "kwa heshima zote, tuko kwenye jambo la maana. Michezo baadaye."

Watu wakageuka kumtazama Pazi. Hata wanawake waliokuwa wanapakua chakula walisimama.

"Mpwa wangu," Mzee Mwinshehe akasema, "mtani hafukuzwi msibani. Hilo hata wewe unalijua."

Pazi akaketi, akatazama saa yake.

Bi Kabula akaanza. Alitembea kwa hatua za Bi Siwema, mguu mmoja ukiburuta, akajiachia kwenye kiti huku akiguna, na kila mtu akaguna naye. "Mwavita! Mwavita wee! Haya maji ya kuoga au ya kunyonyolea kuku? Unataka kunichuna?" Kisha akageuka kuwa Mwavita, akainama, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mtu asiyeonekana. "Haya bibi harusi, nyanyuka, bwana harusi anangoja nje." Watu wakaangua kicheko. Mwavita naye akacheka, halafu akajifunika uso kwa mtandio.

Akamgeukia mjomba. Akasimama pale mlangoni, akakohoa, akavuta harufu ya sufuria. "Hodi dada. Nilikuwa napita tu." Akarudi kuwa Bi Siwema: "Kaka yangu, mbona unapita tu kila wali unapoiva?" Mzee Mwinshehe alicheka mpaka akatafuta leso.

Na Pazi akacheka. Tangu afike msibani hakuwa amecheka wala kulia. Alimwona mama yake yule pale, anaguna, anafoka, mzima kabisa. Saa akaisahau. Akajikuta anasema, kwa sauti ya mtu anayeona kila mwenzake kapakuliwa na yeye bado:

"Na mimi je, mtani? Niigize na mimi."

Bi Kabula akamgeukia kwa furaha. Akajiweka sawa. Akanyanyua mkono, akaushusha. Akapiga hatua moja, akarudi.

"Unaingilia mlango wa mbele au wa uani?" akauliza.

Pazi akamtazama mdogo wake.

"Mwavita, kaka yako akija huwa anakaa wapi? Mkekani kwa mama, au analetewa kiti?"

Mwavita akatazama chini.

"Mzee Mwinshehe, nisaidie. Akimwamkia mama yake anamshika mkono? Anapiga goti? Akiondoka anasemaje?"

Mzee alikuwa anachora kitu mchangani kwa kidole.

Uso wa Bi Kabula ukaacha mchezo. Akasogea karibu na Pazi, akaongea kwa sauti yake mwenyewe. "Mwalimu, nisamehe sana. Nimekaa jirani na nyumba hii tangu nilipoolewa. Sijawahi kushindwa kumwigiza mtu wa humu ndani. Wewe nimeshindwa. Sikukuona."

Hakuwa anatania. Angetania, Pazi angepata la kujibu.

"Mwigize yule wa Jumamosi, wa redioni," Mwavita akasema.

"Sitaki, mwanangu. Imetosha."

"Mwigize. Si kaomba mwenyewe?"

Bi Kabula akasita. Halafu akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti, akakifuta juu kwa pindo la kanga. Akazungusha kitu kisichokuwepo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka kikakaa sawa. "Nyamazeni nyote, mwanangu anaingia." Akasikiliza kidogo, akatabasamu. "Marahaba, baba. Umekula?" Akangoja. "Hajibu. Ana haraka huyu." Akatikisa kichwa, akasikiliza tena. "Eeh. Hapo kweli. Sasa pumzika kidogo unywe maji, sauti imekukauka." Akakisogelea kigoda mpaka sikio likakaribia kukigusa, kisha akageuka upande wa jikoni, amehangaika kidogo. "Mwavita, kaniuliza mimi naonaje. Nikimjibu atasikia?"

Walioanza kucheka waliachia njiani.

Aibu ilimpata Pazi, na aliisikia mwili mzima. Alitafuta la kusema. Alikuwa nayo mengi: kazi, safari, barabara mbovu, wanafunzi, kipindi. Kila moja lilikuwa kweli, na hakuna hata moja aliloweza kulitoa mdomoni mbele ya kile kigoda. Alitamani watu waangalie kwingine. Wakaangalia kwingine, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Mwisho akasema, "Mjomba, naomba kuirudisha hoja yangu."

"Ina kasoro gani? Mbona ilikuwa imenyooka?"

"Imenyooka. Lakini nimeisimamisha juu ya kitu nisichokijua. Nimewaambia nyumba hii ni ya nini, na mimi sijui hata kitanda cha mama kilikuwa chumba kipi." Akamgeukia mdogo wake. Hakuweza kumtazama usoni, akamtazama mikono. "Mwavita, wewe ndiye unayejua. Nyumba hii ni ya nini?"

"Ya kukaa, kaka," Mwavita akasema. "Mimi ninakaa."

Wazee waliotafuta pa kushika tangu mwanzo wakapaona. Mzee Mwinshehe akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Wote wakakubali. Nyumba haikuuzwa, ikawa ya Mwavita, na dua ikasomwa.

Najua unangoja wakumbatiane. Hawakukumbatiana. Mambo ya namna hiyo hayaishi kwa kikao kimoja, na tusidanganyane.

Chakula kikatoka. Wanaume wakakaa kwenye sinia zao, lakini Pazi alibaki pembeni, kaona haya kujichanganya. Mwavita akamwona. Akapakua sahani yake peke yake, akamletea, akasimama mbele yake ameshika kibakuli kwa mkono wa pili.

"Samahani, kaka," akasema kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni. "Pilipili unakula?"

Mwalimu Pazi, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja, akainamisha kichwa akalia mbele za watu.

Funzo: Falsafa ni kujiuliza unaishije, na swali hilo linaanza kwa watu wa nyumbani kwako. Usiwafundishe watu wote namna ya kuishi, huku waliokuzaa na uliozaliwa nao hawajui hata unavyoketi.