Gobore Alivyofundwa Kuketi

Jamani, hodi kwa hadithi!
— Ingia, tumekupisha!
Ina meno, hii!
— Itung'ate, tumezoea!

Alikuwapo Bi Nakiete, na Bi Nakiete alikuwa na mbwa, jina lake Gobore. Lijibwa hilo! Mgeni akija, hau hau hau! Mgeni akiingia, puu! kifuani. Chungu kikiachwa wazi, lamba lamba, kweupe. Bi Nakiete alikemea hata sauti ikamkauka.

Siku moja wakaja wakwe kuposa binti yake. Gobore akamrukia baba wa kijana, puu! Mzee chali matopeni, koti charaa! likachanika. Wakwe wakaondoka bila hata kunywa maji. Binti akalia.

Bi Nakiete akaketi kizingitini, mikono kichwani. "Nimechoka! Nikimkemea, hasikii. Nikimtupia mfupa, ananyamaza, kisha anaanza upya!"

Nguchiro, kamnyama kadogo kalikokaa kwenye rundo la kuni, akachungulia.

"Shikamoo, bibi. Si wewe unayemfundisha? Anabweka, anapata mfupa. Hata mimi ningebweka."

"Basi nifanyeje, mjukuu wangu?"

"Akiruka, mpe kisogo. Akibweka, mpe kisogo. Akiketi, mwambie 'vyema', umpe dagaa. Au niachie mimi. Lete tu bakuli la dagaa."

Kazi ikaanza. Gobore akaruka, puu! Nguchiro kisogo. Gobore akabweka, hau! Nguchiro kisogo. Akabweka mpaka akakohoa. Kisogo. Mwishowe akachoka, akaketi, tikwi.

"Vyema!" Nguchiro akampa kichwa cha dagaa. Kiwiliwili akala mwenyewe.

"Mbona kichwa tu?" Gobore akanung'unika.

"Akili iko kichwani, ndugu yangu. Wewe si unasoma?"

Gobore akatafuna kwa fahari. Baada ya siku chache, akisikia tu 'Keti!', tikwi.

Wakwe wakabembelezwa, wakarudi. "Keti!" akasema Bi Nakiete. Gobore tikwi. Mzee akapita salama na koti lake jipya. Harusi ikapangwa.

Asubuhi ya harusi, kuku wa karamu wakiwa bandani, Nguchiro akaja na mkewe na wanawe wote. Gobore akainuka, manyoya wima, akanguruma, grrr!

"Keti!"

Tikwi.

"Vyema!"

Kwekwekwe! Bandani vurugu, manyoya juu. Bi Nakiete akatoka mbio, mwiko mkononi.

"Gobore, kamata! Kamata, we mbwa!"

'Kamata' Gobore hakufundishwa. Akatulia tuli, mkia ukifagia vumbi, akimtazama bibi usoni.

"Bweka basi! Mwaka mzima umenitoboa masikio, leo ndiyo umepata adabu?"

Gobore akalamba midomo, akingoja dagaa. Nguchiro na ukoo wake wakatokomea vichakani, kila mmoja na kuku wake.

Binti aliolewa, alhamdulillahi. Wakwe walikula maharage, wakasifu sana utulivu wa mbwa.

Funzo, wanangu: mbwa mwenye adabu ndiye mlinzi wa kweli wa nyumba. Habari za kuku msiniulize.

Hadithi nimeifunga kamba!
— Tuachie, tutailisha wenyewe!